Lulu ya Kino na Daftari la Maneno

Mwanafunzi mpenzi, nataka nikusimulie habari ya daftari moja nililolikuta mezani pangu nilipokuwa nikisahihisha kazi za kidato cha tatu. Lilikuwa daftari safi, limepigwa mistari kwa rula, na kila ukurasa umegawanywa sehemu mbili. Upande wa kushoto lilikaa neno la Kiingereza, na upande wa kulia ikakaa maana yake iliyonakiliwa kutoka katika kamusi. Mwenye daftari alikuwa msichana mwenye bidii, mzaliwa wa kijiji cha wavuvi katika ufuo wa ziwa huko Nyatike, wilayani Migori kama tulivyozoea kusema kabla ya kuja kwa kaunti. Alikuwa amekusanya maneno 312 kutoka katika riwaya moja ya Kimarekani. Nilifurahi sana. Kisha nikaisoma insha yake, na furaha yangu ikapungua. Humo aliandika kwamba siku ya soko baba yake alikwenda Rongo akanunua 'bulwark' mpya, akaifunga juu ya pikipiki akarudi nayo nyumbani.

Kamusi ilikuwa imemwambia kwamba maana ya neno hilo ni boma, au kitu chochote kikingacho. Yeye akaona kwamba kitu ni kitu, na kila kitu chaweza kununuliwa sokoni. Simcheki, kwa kuwa fikira yake haikukosa mantiki. Lililonihuzunisha ni jambo jingine. Katika riwaya ile neno hilo halikusimama peke yake. Lilisimama kando ya mtumbwi. Mwandishi alikuwa akieleza kwamba mtu mwenye chombo aweza kumwahidi mkewe kwamba watapata chochote cha kula, na kwamba kwa maskini chombo ndicho boma lake la kuizuia njaa isiingie ndani. Binti yule aliijua mitumbwi kabla hajajua kutembea. Alijua pia kinachotukia nyumbani kwa mvuvi siku chombo kipasukapo. Maana yote ya neno alikuwa nayo moyoni, lakini alilivua neno kutoka majini akaliweka daftarini, nalo likafa kama ngege aliyeachwa mchangani.

Kitabu chenyewe ni The Pearl, yaani Lulu, cha John Steinbeck. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Salinas, jimbo la California, akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1962, akafa mwaka 1968. Hadithi ilitangulia kutokea katika gazeti mwezi wa Desemba 1945, na mwaka 1947 ikatoka kwa sura ya kitabu. Ndugu zenu wakubwa wanakijua, maana kwa miaka kadhaa kilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya hiari vya Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne hapa Kenya. Ni kitabu kidogo. Msomaji mzuri akikaa nacho chini ya mwembe baada ya chakula cha mchana, atakimaliza kabla jua halijatua. Udogo huo, pamoja na wepesi wa sentensi zake, umewafanya baadhi ya wanafunzi wakidharau. Nimemsikia kijana akisema kwamba hawezi kujifunza msamiati wa juu kutoka katika kitabu ambacho hata mtoto anaweza kukisoma. Yeye anataka kitabu kigumu, chenye maneno ya kuvunja taya. Dhana hiyo ndiyo ninayotaka kubishana nayo, kwa kuwa naiona ikiharibu insha nyingi, za Kiingereza na za Kiswahili pia.

Kwa wale ambao hawajakisoma, yafaa nieleze kwa ufupi. Kino ni mvuvi na mzamiaji wa lulu katika mji wa La Paz, kwenye Ghuba ya California, nchini Meksiko. Anakaa katika kibanda cha matawi ufuoni pamoja na mkewe Juana na mtoto wao mchanga Coyotito. Asubuhi moja nge anamuuma mtoto. Wazazi wanakwenda kwa daktari mjini, lakini daktari anakataa kumtibu kwa sababu wana lulu ndogo nane tu, mbaya, zisizo na thamani. Siku hiyohiyo Kino anazamia na kutoka na lulu kubwa kama yai la ndege wa baharini. Habari zinaenea mjini kama moto wa nyikani. Sasa daktari anakuja mwenyewe bila kuitwa, padre anakuja, na wanunuzi wa lulu wanajitayarisha. Usiku wezi wanakuja. Kino anauza lulu asipate bei, anapigwa, anaua mtu katika kujitetea, mtumbwi wake unatobolewa, kibanda chake kinachomwa. Anakimbilia milimani na mkewe na mwanawe, wanafuatiwa na wapelelezi wa nyayo, na risasi moja inampata mtoto. Mume na mke wanarudi mjini wakitembea sambamba, na Kino anaitupa lulu baharini.

Sasa fikiri juu ya mahali. Mji wa Homa Bay umekaa kando ya ghuba, Ghuba ya Winam, na La Paz umekaa kando ya ghuba vilevile. Huko wanapanda mitumbwi alfajiri. Hapa kwetu mvuvi wa omena anatoka usiku usio na mwezi na taa zake, akarudi kulipopambazuka, na watu wakimngoja ufuoni na ndoo. Huko mvuvi hajui bei ya lulu yake mpaka mnunuzi aseme. Hapa mvuvi wa Mbita au wa Sori ameleta mbuta mkubwa, lakini bei inajulikana na mwenye gari la barafu. Kuna tofauti, nazo nitazitaja. Walakini sijui riwaya nyingine ya kigeni ambayo mtoto wa Rusinga au Karungu aweza kuifungua na kujikuta, katika kurasa za kwanza tu, nyumbani kwao. Hapo ndipo penye faida ya msamiati. Neno geni hushika upesi likiegemea kitu unachokijua, na katika kitabu hiki vitu vingi unavijua tayari.

Nitachukua mifano michache. Liko neno 'estuary', ambalo mwandishi analitumia anapotuonyesha mji wa La Paz ulivyokaa. Mwanafunzi wa Nyatike akiliona atafikiri mara moja mahali mto Kuja unapoingia ziwani, na atakuwa amekaribia sana. Lakini hajafika. Neno hilo lina chumvi ndani yake. Ni mlango wa maji ambamo bahari hupanda na kushuka, ikasukuma maji ya chumvi ndani na kuyavuta tena, na ziwa letu halina kujaa na kupwa kwa namna hiyo. Watu wa Lamu na Mombasa wanayo maneno ya jambo hili tangu zamani: maji kujaa, maji kupwa, bamvua. Mtoto wa ziwa anayasoma maneno haya ya pwani katika Kiswahili bila kuyaona kwa macho, kama vile anavyolisoma neno la Kiingereza. Kwa hiyo siku moja, kwa kutafakari neno moja la riwaya ya Kimarekani, darasa langu lilijifunza Kiswahili cha Waswahili. Sikuwa nimepanga hivyo.

Mfano mwingine ni neno la wanunuzi. Mmoja wao alipokuwa akiitukana lulu ya Kino ili kuipunguza bei, aliifananisha na madini yale yang'aayo kama dhahabu na yasiyokuwa dhahabu, ambayo Waingereza huyaita dhahabu ya wajinga. Katika shule nyingi za Kenya mwalimu anapofika hapo hulazimika kueleza kwa muda mrefu. Huko Macalder na Masara si lazima. Wachimbaji wadogo wa Migori, ambao wamekuwa wakiparua miamba ile tangu kabla na baada ya mgodi mkubwa wa Macalder kufungwa mwaka 1966, wanalijua jiwe hilo lenye kumetameta na kudanganya. Mvulana mmoja aliinua mkono akatueleza jinsi mjomba wake anavyolitambua: dhahabu ukiigonga hulala bapa, na hilo jingine likigongwa huvunjika. Kamusi haikusema hivyo. Na baada ya maelezo yake hakuna aliyelisahau neno lile, tena kila mmoja alielewa ujanja wa mnunuzi: alimtukania Kino mali yake kwa kuifananisha na udanganyifu, hali mdanganyifu alikuwa yeye.

Lakini mfano niupendao kuliko yote ni wa dawa. Daktari alipokataa kumtibu mtoto, Juana alichuma mwani wa rangi ya kahawia, akaufanya dawa ya kubandika, akaiweka juu ya bega la mtoto lililovimba. Kiingereza kinalo neno la dawa ya namna hiyo, 'poultice', na wengi wa wanafunzi wangu walilinakili wakapita. Mimi niliwasimamisha. Mwandishi anaongeza kwamba dawa ile ilikuwa nzuri, pengine kuliko ambayo angeitoa daktari, ila haikuwa na heshima kwa sababu ilikuwa nyepesi na haikugharimu fedha. Hata Juana mwenyewe hakuiamini, naye ndiye aliyeitengeneza.

Ewe msomaji, soma tena habari ile ya mwani, kisha utazame insha zako. Mara ngapi umelitupa neno jepesi, lililofaa kabisa, kwa sababu halikugharimu kitu? Ulitaka kusema kulikucha, ukaona aibu, ukaleta majogoo na mawio na miale na umande wote kwa pamoja, ingawa kisa chenyewe kilitokea saa nane mchana. Ulitaka kusema mama alilia, ukaandika kwamba njia mbilimbili za machozi zilichimba mitaro mashavuni. Maneno hayo uliyanakili kutoka kwa mwenzako, naye aliyapata kwa mwenzake, na mtahini wa mwaka huu ameyasoma mara elfu. Ni kama lulu za bandia. Steinbeck angeweza kumpamba Juana kwa maneno ya thamani, maana alikuwa nayo. Badala yake alituonyesha mikono yake ikichuma mwani. Msamiati wa juu katika kitabu hiki ni mchache, na kila neno la juu limekaa pale tu ambapo la chini lisingetosha. 'Poultice' imo kwa sababu ndilo jina la kitu kile. Hakuna zaidi.

Kwa nini basi tuhangaike na maneno magumu hata kidogo? Swali hili ni la haki, na kitabu chenyewe kinalijibu kwa ukali kuliko ambavyo mwalimu angethubutu. Nenda kwenye sura ambamo Kino anauza lulu yake. Mbele ya mnunuzi amesimama mtu mwenye nguvu, mshujaa, mwenye kitu bora kuliko vyote vilivyowahi kuonekana mahali pale, na hana maneno. Mnunuzi anayo. Anasema lulu ni kubwa mno, haina soko, ni kitu cha kutazamwa na kushangaza tu. Atatoa peso 1,000. Kino anajua kwamba ina thamani ya peso 50,000, na anasema hivyo, lakini hawezi kueleza kwa nini. Wanaitwa wanunuzi wengine, na kila mmoja analeta kasoro yake na jina la kasoro hiyo. Wote, mwandishi ametudokezea, ni vibaraka wa tajiri mmoja, wakijifanya washindani. Mwishowe wanapandisha hadi peso 1,500. Wakati wote huo Kino anarudia maneno yaleyale machache: kwamba anadanganywa. Ni kweli, anadanganywa. Lakini ukweli usio na maneno haukumfaa mezani pale.

Tazama pia hila ya mwandishi. Mnunuzi yule wa kwanza ana mazoea ya kuchezesha sarafu juu ya vifundo vya vidole, ikitokea na kupotea. Lulu inapotolewa, uso wake haubadiliki, ulimi wake unaendelea kuidharau, lakini vidole vinakosea na sarafu inaanguka. Maneno yalidanganya, mkono ukasema kweli. Msomaji anayekimbilia kuokota msamiati hataiona sarafu ile ikianguka, kwa kuwa hakuna neno gumu mahali hapo. Nami nakwambia kwamba asiyeiona hakuisoma sura hiyo.

Nimewahi kusimama kando ya mahali panapouzwa dhahabu katika Migori. Mizani ni ndogo, mnunuzi ni mpole, na kijana aliyeshinda siku tatu shimoni anatazama namba zisizomweleza kitu. Kando yake iko chupa ya zebaki, ambayo huitumia kukamata chembe za dhahabu na kisha kuichoma motoni akivuta moshi wake. Zebaki ni sumu iharibuyo mishipa ya fahamu, na inapomwagika hufuata maji mpaka kwa samaki. Habari hiyo imeandikwa mara nyingi, kwa Kiingereza kigumu, katika karatasi ambazo kijana yule hazisomi. Hapo neno gumu si pambo. Anayelijua anaweza kumwambia ndugu yake aondoke penye moshi.

Kino aliyaona haya. Walipomuuliza atafanya nini na utajiri wake, alisema watafunga ndoa kanisani; watapata nguo mpya; atanunua chusa, na baada ya kusita, bunduki. Kisha akasema neno lililomtisha hata yeye mwenyewe: mwanawe atakwenda shule, atafungua vitabu, atajua yaliyomo, na kwa mtoto huyo mmoja watu wote wa ufuoni watakuwa huru. Alichotaka hasa kununua kwa lulu ile ni maneno.

Hapa naomba kukiri kosa langu. Miaka ya kwanza baada ya kutoka chuo cha ualimu, nilikifundisha kitabu hiki kama mahubiri juu ya tamaa. Niliandika ubaoni kwamba tamaa ilimponza Kino, nao wanafunzi wakaandika hivyo, na wengine wakapata alama. Sasa naona kwamba nilikuwa nikisoma kwa macho ya daktari. Mtu anayetaka ndoa, nguo, chusa, na shule kwa mtoto wake ana tamaa gani? Mahitaji hayo yakitajwa na mtu wa mjini huitwa maendeleo. Bunduki ndiyo peke yake inayotia shaka, na mwandishi kwa makusudi ameifanya imshtue kila aliyesikia. Tamaa imo kitabuni kwa wingi, lakini imo kwa daktari, kwa wanunuzi, na kwa wale waliokuja gizani wasio na majina. Ukiambiwa katika mwongozo fulani kwamba dhamira ni tamaa ya Kino, rudi kwenye ukurasa uhesabu alichokiomba.

Iko habari inayonitia nguvu katika maoni haya. Mwaka 1940 Steinbeck alisafiri katika Ghuba ya California na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe vya baharini, wakikusanya wanyama wa ufuoni. Na katika kitabu cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1941, alisimulia kisa alichokisikia kuhusu kijana wa La Paz aliyepata lulu kubwa. Kijana yule hakuwa na mke wala mtoto. Alitaka kulewa atakavyo, kujipatia wasichana, na asifanye kazi tena. Alipoona lulu inamletea mapigo tu, akaitupa. Basi linganisha. Mwandishi alimchukua mlevi akamfanya baba. Aliondoa ulevi akaweka shule. Kama alitaka kuandika juu ya tamaa, kisa cha kwanza kilimtosha kabisa, na asingekuwa na haja ya kukibadili.

Sikusudii kukusifia kitabu chote. Lipo jambo ninalogombana nalo, na ningependa nawe uligombee. Steinbeck anasema kwamba watu wa Kino zamani walikuwa watunga nyimbo, na katika kitabu kizima anamsikilizisha Kino nyimbo moyoni: wimbo wa jamaa, wimbo wa uovu, wimbo wa lulu. Ni jambo zuri kusoma. Lakini mdomoni mwake hamwekei karibu kitu. Juana naye husema kidogo zaidi, ingawa ndiye aliyeona mapema kwamba lulu itawaangamiza. Na watu hawa wanapokasirika au kuogopa, mara kwa mara mwandishi huwafananisha na wanyama. Daktari hufanya hivyo kwa dharau, mwandishi hufanya kwa huruma, nami sina hakika kwamba tofauti ni kubwa kama alivyodhani. Msomaji wa mbali aweza kufunga kitabu akiamini kwamba mvuvi maskini hana lugha.

Wewe wa Homa Bay unajua kuwa si kweli. Kaa jioni moja ufuoni pa Mbita na wazee wanaotengeneza nyavu. Wana jina la kila upepo na saa yake. Samaki mmoja ana jina akiwa mdogo na jina jingine akikua. Wanajua kuapa, kukejeli, kusuta na kubembeleza. Mfikirie mzee wa namna hiyo mbele ya mnunuzi: kimya kilichompata Kino hakikutoka katika umaskini wa akili yake, kilitoka katika kulazimishwa kuuza kwa lugha ya mwingine. Steinbeck hakukaa vya kutosha vibandani kuisikia lugha ya nyumbani. Aliyasikia mazungumzo kutoka nje ya ukuta wa matawi, akayageuza kuwa muziki. Kwa hiyo usijifunze kutoka kwake, pamoja na maneno yake mazuri, kuidharau Dholuo ya nyanya yako au Kisuba cha Mfangano.

Nirudi kwa yule binti. Sikumkataza daftari lake. Nilimwomba tu alifungue upya, na safari hii asiandike neno bila sentensi iliyomo, wala sentensi bila jambo moja aliloliona kwa macho yake lenye kufanana nayo. Maneno 312 yakapungua yakawa arobaini hivi. Alilalamika, akasema wenzake watampita. Nikamwambia asubiri.

Likizo ya Agosti ikafika, akaenda nyumbani. Aliporudi aliniletea kurasa nne ambazo sikumwagiza. Alikuwa ameisoma tena sehemu ile inayoeleza mtumbwi wa Kino, uliotoka kwa babu yake, uliopakwa lipu ngumu isiyopitisha maji ambayo siri yake hurithiwa na wana. Kisha akashinda siku nzima akimtazama baba yake na fundi wakitengeneza chombo chao kilichokuwa kikivuja. Alieleza jinsi walivyokigeuza kifudifudi, jinsi fundi alivyopitisha kidole katika viungo vya mbao kutafuta nafasi, jinsi alivyosokota pamba na kuipigilia ndani ya nafasi hizo kwa patasi butu na nyundo, taratibu, asije akaupasua ubao. Aliandika kwamba mama yake alikaa mbali na hakusema kitu mpaka chombo kilipoingizwa majini na kuonekana kikavu. Hapo mama akacheka. Neno 'bulwark' halikutokea mahali popote katika kurasa zile, nami sikulihitaji.

Lakini alikuwa ameacha nafasi tupu katika mstari mmoja. Alijua fundi anavyoiita kazi ile kwa Kijaluo, akalipata na neno la Kiingereza kamusini, ila Kiswahili chake hakukijua, naye hakutaka kuandika kwamba waliziba tu, kwa sababu kuziba ni hata chupa. Akaniuliza mimi. Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na mmoja, nami sikulijua. Tukaketi wote wawili na kamusi mpaka kengele ya chakula ikapigwa, tukalikuta: kukalafati. Ni neno la mafundi wa majahazi wa pwani, na wakati wote lilikuwa likingoja huko Lamu. Yeye akajaza nafasi yake. Mimi nikachukua kalamu nikaliandika katika daftari langu, na chini yake nikanakili sentensi ya baba yake na fundi.